Betri ya Zahanati

Katika toleo lililopita la gazeti letu ilichapishwa picha yangu nimesimama juu ya paa la mabati, spana mkononi, nami nacheka. Chini yake paliandikwa ya kwamba mimi ni mmoja wa vijana kumi na wawili waliotoa likizo yao kupeleka maji safi na umeme wa jua katika kijiji kimoja cha wilaya ya Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Hayo ni kweli. Lakini picha ile ilipigwa Desemba 2023, na mambo ya Januari 2024 hayakuandikwa, kwa kuwa aliyeyajua vizuri ni mimi, nami sikumwambia Bwana Mhariri. Fedha za kazi ile zilitolewa na wanafunzi wa zamani. Naona ni haki yao kusikia habari zote, hata zile zisizo na picha.

Kijiji chenyewe ni kwa wajomba zangu. Mama alizaliwa huko, na kukhu, yaani bibi yangu mzaa mama, angali anakaa huko kando ya njia iendayo sokoni. Watu wa huko ni Wasamia, ambao ndugu zao wako Uganda na wako Kenya pia, na kwa ajili ya biashara ya mpakani Kiswahili husikika huko kuliko mahali pengi pa nchi yetu. Nimekwenda huko tangu utotoni, kwa hiyo maji yake nayajua.

Palikuwa na pampu ya mkono, iliyowekwa zamani na watu wengine wa kujitolea ambao mimi sikuwaona. Asubuhi ndoo za kwanza zilitoka nyekundu kama kutu, na kweli ndiyo kutu yenyewe. Mabomba ya ndani ya kisima yalikuwa ya chuma kilichopakwa zinki, na maji yenye ukali kidogo huila ile zinki kwanza, kisha huila chuma. Nguo nyeupe zikifuliwa kwa maji yale hutoka na madoa. Chai ikipikwa kwayo huwa nyeusi kama wino, na wala si mfano tu, maana wino wa kale ulitengenezwa kwa chuma na maji ya mimea yenye ukakasi kama ule wa majani ya chai. Kukhu alisema hawezi kumpa mgeni wino anywe. Basi akina mama wakaiacha pampu, wakarudi kwenye dimbwi la kinamasini, ambako maji ni meupe na chai hutoka na rangi yake. Ng'ombe nao hunywa huko huko.

Shuleni tumefundishwa habari za Dakta John Snow, ambaye mwaka 1854, kipindupindu kilipokuwa kikiua watu London, aliwashauri wakubwa wa mtaa waondoe mkono wa pampu ya Broad Street, nao wakauondoa. Pampu ya kwa wajomba haikuondolewa mkono na mtu. Mkono ulikuwapo, umening'inia, na kuku walilala chini yake. Maji mekundu yasingemwua mtu, na yale meupe yangeweza. Lakini nani atamweleza mama hivyo, naye anaionja chai yake kila siku?

Sasa nieleze kazi yetu kwa ufupi, maana toleo lililopita lilikwisha kuieleza kwa urefu. Kisima kipya kilikuwa kimekwisha kuchimbwa kwa mashine. Sisi tulichimba mtaro, tukalaza mabomba ya plastiki, tukawasaidia mafundi wawili kusimamisha mnara na tangi la lita 5,000, ambazo ni jerikeni 250. Pampu imezamishwa ndani ya kisima, na inaendeshwa na paneli za jua bila betri yoyote. Jua likiwaka, inavuta. Jua likizama, inalala. Nilimwuliza fundi mkubwa kwa nini hawakuweka betri, akanionyesha tangi kwa kidole. "Betri yake ile pale," akasema. "Tena haiharibiki upesi."

Zahanati ni jambo jingine, kwa sababu mwanga hauwezi kutiwa tangini. Pale tuliweka paneli moja ya wati 150, betri moja ya risasi ya volti 12, na taa nne za wati saba saba. Kati ya betri na taa kuna kisanduku ambacho mafundi hukiita kontrola. Kina kazi mbili. Mchana hulizuia jua lisiijaze betri kupita kiasi. Usiku, betri ikishuka hata karibu na volti 11, hukata taa, kwa kuwa betri ya namna ile ikikamuliwa mpaka mwisho mara kwa mara hupoteza nguvu zake wala haizirudishi zote. Fundi alinieleza hayo taratibu, tena mara mbili, kwa sababu nilikuwa naulizauliza sana. Naomba msomaji akumbuke kwamba nilielezwa.

Wenzangu wakarudi makwao kwa Krismasi. Mimi nilibaki kwa kukhu, na mkunga wa zahanati, ambaye wote humwita Musawo, akanipa ufunguo wa pili wa kabati la betri, nipate kupangusa vumbi na kutazama nyaya. Kabati lile liko nyuma ya jengo, na mlango wake uko nje.

Mambo yalianza kwa simu. Watu wa kijijini walikuwa wakienda hata kwenye kituo cha biashara kutia simu chaji, kwa shilingi 500 kila moja. Binamu yangu aliniomba nimtilie yake. Kesho yake akaja na tatu, keshokutwa na tisa, na shilingi zake. Sikumwuliza Musawo. Nilijisemea ya kwamba jua la Januari ni kali na betri hujaa kabla ya saa sita, kwa hiyo ninachochukua ni makombo tu. Kwa siku za kwanza hesabu hiyo ilikuwa sawa, nami nikajiona mtaalamu.

Kisha, tarehe 13 Januari, yakaanza mashindano ya Kombe la Afrika huko Ivory Coast. Uganda haikufuzu, lakini jirani zetu Tanzania walikuwamo, na Kongo pia, na kijiji kizima kikawa na hamu. Mwenye duka alikuwa na televisheni ila jenereta lake lilikuwa limekufa. Binamu yangu akapata inveta ya kuazima. Tukavuta waya kutoka kabatini mpaka kwenye banda lililo nyuma ya zahanati. Usiku wa kwanza niliiunga inveta kwenye kontrola, kama ipasavyo, nayo kontrola ikakata mara moja, maana mzigo ulikuwa mkubwa kupita kipimo chake. Watu wakapiga kelele. Basi nikazitoa zile nyaya mbili, nikazibana moja kwa moja juu ya vichwa vya betri, kontrola ikabaki kando kama askari aliyepitwa usiku. Televisheni ikawaka. Nilishangiliwa kuliko mfungaji yeyote wa usiku ule.

Tulitoza shilingi 500 kwa kichwa. Fungu langu nililificha ndani ya kitabu cha kemia, na tarehe 20 nikaenda Busia mjini nikanunua viatu vya mpira, vyeupe, vyenye mstari wa bluu. Kukhu aliniuliza fedha nimezipata wapi, nikamwambia ni zawadi ya kazi. Alinitazama kitambo, akarudi kwenye chungu chake.

Tulitazama Kongo na Zambia tarehe 17, bao moja kwa moja. Tulitazama Tanzania na Zambia tarehe 21, Msuva akafunga mapema, Wazambia wakabaki pungufu ya mtu mmoja, na bado wakasawazisha dakika za mwisho. Kila usiku betri ilishuka zaidi, na kila mchana jua halikuimaliza njaa yake. Asubuhi mita ya kontrola ilionyesha tarakimu ambazo sikuzipenda. Niliacha kuitazama.

Tarehe 24 Januari Tanzania ilicheza na Kongo, saa tano ya usiku kwa saa zetu. Banda lilijaa hata wengine wakasimama nje wakichungulia kwa dirisha. Karibu yangu aliketi jirani wa kukhu, mtu wa kucheka sana, ambaye mkewe alikuwa mja mzito wa siku za mwisho. Mimi nilikuwa namjua mke huyo. Ndiye aliyetuletea uji siku tulizokuwa tukichimba mtaro. Mchezo ulikwisha bila bao hata moja. Tanzania ikatoka, Kongo ikasonga mbele kwa sare zake tatu, na watu walikuwa wangali wakibishana juu ya nafasi zilizokoswa, mara tukasikia bodaboda ikisimama mbele ya zahanati, kisha sauti ya mwanamke.

Yule jirani alitoka mbio. Mimi nilitoka nyuma yake, na jambo nililoliona sitalisahau. Zahanati ilikuwa giza. Dirisha la chumba cha kuzalia lilikuwa jeusi, na nyuma yake, hatua ishirini hivi, banda letu lilikuwa limejaa mwanga wa bluu wa televisheni. Sababu yake niliifahamu pale pale nilipokuwa nimesimama. Betri ilikuwa imeshuka chini ya kipimo cha kontrola, nayo kontrola, kwa uaminifu wake, ilikuwa imezikata taa za Musawo ili kuiokoa betri. Inveta yetu haikupitia kwake, kwa hiyo iliendelea kukamua. Taa zilikuwa zimekwisha kukatwa tangu saa nyingi, ila hapakuwa na mtu wa kuziwasha akajua.

Nilisikia Musawo akibonyeza swichi, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akaja mlangoni akasema, "Nani ana simu yenye moto? Leteni zote." Tulizikusanya. Nyingi zilikuwa zimejaa, maana mimi ndiye niliyezijaza. Nilimpa yangu mkononi, hakuniangalia. Bibi mmoja alileta kibatari chake. Sisi wanaume tulikaa nje kwenye nyasi, na mwenye mke hakucheka wala hakusema neno. Mtoto alilia karibu na saa nane. Tukadhani yamekwisha, lakini Musawo hakutoka. Mama alikuwa amechanika na damu ilikuwa nyingi. Alimshona kwa mwanga wa simu zilizoshikwa na wanawake wawili, na mmoja akatuambia baadaye kwamba mkono wake ulikuwa ukitetemeka, na kila ulipotetemeka Musawo alisimamisha sindano akangoja. Jambo la nusu saa likachukua muda mrefu. Alfajiri mama alikuwa hai, amelala, uso umepauka kama jivu.

Nilikwenda kabatini kabla hakujapambazuka nikaziondoa nyaya. Mita ilisoma volti 10.8.

Sasa ndiyo sehemu iliyo ngumu kwangu kuandika. Asubuhi ile Musawo alisema betri imekufa. Hakujua habari za nyaya zetu. Alidhani banda lilikuwa na betri yake, kama binamu yangu alivyokuwa amemwambia. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee mmoja mwenye maneno makali, akasema fundi ametuuzia betri mbovu, na ya kwamba wanafunzi wa zamani wa shule yetu wameibiwa, na salio la ujira wa fundi lisilipwe. Watu wakakubali. Wengine wakasema ndivyo ilivyo siku zote, watu wa kujitolea huja na picha zao, wakiondoka vitu hufa. Nilikuwapo. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vyeupe. Sikusema kitu.

Nilinyamaza siku mbili. Nilijifariji ya kwamba mtoto yu hai, na mama yu hai, na fundi ana kazi nyingine nyingi mjini. Usiku sikulala vema. Kukhu aliniuliza kama nina malaria.

Siku ya tatu fundi akaja kwa pikipiki, ameitwa na mwenyekiti. Alifungua kabati mbele ya watu, akapima, akainama. Juu ya vichwa vya betri palikuwa na alama za meno, pale nilipokuwa nikibana nyaya kila usiku. Alipitisha kidole juu ya alama zile. Kisha akainua macho akanitazama mimi, si mwenyekiti, akangoja. Alikuwa amejua. Angeweza kusema, na salio lake lilikuwa linategemea neno hilo, lakini hakusema. Sijui alingoja muda gani. Mimi niliona mrefu.

Nikasema, "Mzee, betri si mbovu. Ni mimi." Nikaeleza yote: simu, banda, nyaya, fedha. Sauti yangu ilikuwa ndogo, mwenyekiti akaniambia nirudie ili walio nyuma wasikie. Nikarudia.

Nilitazamia kupigwa kelele. Jirani yetu, baba wa mtoto, aliondoka mkutanoni bila kuniambia neno, na jambo hilo lilinichoma kuliko kelele. Musawo aliniomba ufunguo, nikampa. Fundi alifunga kabati, akasema betri itafaa kwa kazi ndogo, lakini chumba cha kuzalia hakiwezi kuitegemea tena, inahitajika mpya. Bei yake ilipita shilingi laki sita. Nilikwenda nyumbani nikaleta zilizobaki kitabuni, shilingi 43,000, nikaziweka juu ya meza. Viatu nilivipeleka sokoni wiki ile ile. Vilinunuliwa kwa nusu ya bei.

Ndipo akasimama mzee mmoja wa makamo ya babu yangu, ambaye hata siku ile sikuwahi kumsikia akinena mkutanoni. Akasema, "Mpwa wetu amekosa, na atalipa. Lakini nina swali kwa hao waliomtuma. Mlituletea taa ya kuzalia na taa ya wagonjwa, tunashukuru. Je, mtu huumwa kila siku? Mlimwuliza nani hapa anataka umeme wa nini?" Watu wakacheka, na mwenyekiti naye akacheka. Nikakumbuka ya kwamba mwezi wa Desemba tulikuwa tumeitisha mkutano mmoja tu, nasi ndio tuliosema. Hatukuuliza. Tulijua zahanati inahitaji mwanga, na kweli ilihitaji. Walakini watu wale walikuwa wakitembea kilometa nyingi kwa ajili ya simu, na mpira waliupenda kama sisi tunavyoupenda bwenini, na hayo yote tuliyaona kuwa upuuzi usiostahili paneli. Na wale wa kwanza, wenye pampu ya mkono, sidhani walimwuliza mtu chai yake ina rangi gani.

Simtupii mtu lawama yangu kwa kusema hivyo. Nyaya nilizibana mwenyewe.

Mkutano uliamua mambo ambayo nadhani ni ya akili kuliko mpango wetu. Betri ile iliyodhoofika ihamishwe kwenye banda, pamoja na paneli moja ambayo kamati itanunua kidogo kidogo, na pale watu watie simu chaji na kutazama mpira kwa malipo. Fedha ziingie katika daftari la kamati ya maji, ili pampu ikiharibika pawe na kitu cha kumwita fundi. Zahanati ipate betri mpya, na kabati lake ligeuzwe mlango ufunguke kwa ndani. Fundi alilipwa salio lake siku ile ile. Alipokuwa akiwasha pikipiki nilimsogelea nikamwomba radhi. Akaniambia, "Kijana, nilikueleza mara mbili," akaenda zake.

Kwa muda wa siku arobaini hivi Musawo alizalisha kwa kibatari na simu, mpaka betri mpya ilipopatikana, kwa mkopo wa mwenye duka. Mimi nilikuwa nimerudi shuleni. Kila nilipoketi kujisomea usiku chini ya taa zetu, ambazo huwaka bila mtu kuzifikiri, nilihesabu.

Nilikwenda tena likizo ya mwisho wa Agosti 2024. Maji yanatoka, na kukhu ana chai nyekundu ya kumpa mgeni. Banda lina paneli yake, na daftari linaandikwa na msichana mmoja wa kidato cha nne ambaye hakubali kumkopesha mtu chaji hata mjomba wake. Nilikwenda kwa yule jirani nikiwa na hofu. Mkewe alinikaribisha ndani, akanipa uji. Mtoto alikuwa anatambaa, mnene, anashika kila kitu. Jina lake la ubatizo ni jingine, lakini kijiji kizima humwita Kibatari. Babaye aliingia, akanikuta, akasimama kidogo mlangoni. Kisha akamtwaa mtoto akaniwekea mapajani, akatoka tena kwenda kufunga mbuzi.

Deni langu kwa mwenye duka nalilipa kwa kazi za likizo: kufyatua matofali, kubeba mahindi mpakani. Hata siku ninapoandika haya limebaki shilingi 180,000. Nawasihi wanafunzi wa zamani wasinichangie.